Dendrima zenye florini zikikugomea: anza kwa kukishuku kipimo

Weka maji kwenye bika, juu yake mimina mafuta ya kupikia, kisha dondosha pafloroheksani, kimiminika kilichojaa florini. Matone yatapenya mafuta, yatapenya maji, na yatatua chini na kukaa huko peke yake. Tabaka tatu, na hakuna inayomtaka mwenzake. Mnyororo wa kaboni uliojaa florini hauyapendi maji, lakini mafuta nayo hauyapendi. Ndiyo maana polima zenye matawi, kama dendrima (molekuli zinazojengwa tawi juu ya tawi, kizazi kwa kizazi), zikivikwa florini hujipanga zenyewe: florini inaifuata florini, vingine vyote vinasukumwa pembeni. Virgil Percec wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ameitumia tabia hiyo kwa miaka mingi kuzipanga dendroni (vipande vya dendrima) ziwe nguzo na matufe bila mtu kuzishika mkono.

Tabia hiyohiyo ndiyo inayotutesa maabara. Vipimo vyetu vingi vilibuniwa kwa ulimwengu wa pande mbili, maji na mafuta. Upande wa tatu unapoingia, kipimo hakisemi kwamba kimeshindwa. Kinatoa namba, na namba yenyewe inapendeza. Kwa hiyo kabla hujailaumu molekuli yako, mlaumu kwanza shahidi aliyekuletea habari zake.

Mifano mingi hapa chini inatoka kwenye PAMAM, dendrima aliyoitangaza Donald Tomalia na wenzake wa Dow mwaka 1985, ikiwa ya kizazi cha tano na imefungwa vikundi vya heptaflorobutirili, kila kimoja na florini saba, kwenye ncha. Pia nitagusa polima za matawi holela, ambazo ni binamu wa dendrima: hazikujengwa kizazi kwa kizazi, hazilingani ukubwa, lakini hutengenezwa kwa hatua moja na hazili bajeti.

## Elektrodi ya floridi inasoma sifuri

Naanza na hili kwa sababu ni kosa la nyumbani. Maabara zetu nyingi za maji zina elektrodi ya floridi, maana maji ya Bonde la Ufa, Arusha ikiwemo, yana floridi ya kutosha kuyageuza meno kuwa ya kahawia. Mtu amemaliza kuitengeneza dendrima yake, anaiona elektrodi kabatini, anaichovya. Sifuri. Anaandika kwenye daftari kwamba mmenyuko haukufanyika.

Elektrodi ile huiona ioni ya floridi iliyo huru majini, basi. Florini yako imeshikwa na kaboni kwa bondi ya takriban kilojuli 485 kwa moli, na haitoki kwa kuchovywa. Ukitaka kuipima kwa njia hiyo, ichome kwanza sampuli ndani ya chupa iliyojaa oksijeni, moshi uufyonze kwa alkali, ndipo uingize elektrodi. Sampuli ambayo haijachomwa ikisoma floridi, hapo sasa una la kuhofia: ama imechafuka, ama kuna kitu kimevunjika.

## NMR inasema florini ni nyingi kuliko uliyoweka

Tupige hesabu pamoja, maana nusu ya ugonjwa huu huonekana kwenye hesabu. PAMAM ya kizazi cha tano ina amini (vikundi vya naitrojeni) 128 kwenye ncha, na uzito wake wa molekuli ni 28,826. Miligramu 100 ni mikromoli 3.47 za dendrima, yaani mikromoli 444 za amini. Ukilenga kufunga nusu, unahitaji mikromoli 222 za anhidridi ya heptaflorobutiriki (ndiyo inayoleta vikundi hivyo vya florini), ambazo ni miligramu 91. Ikifanikiwa yote, kila dendrima inabeba florini 448, na florini peke yake ni asilimia 20 hivi ya uzito mpya.

Sasa NMR ya florini, kipimo cha sumaku kinachosikiliza atomu za florini, inakuambia umefunga vikundi 110. Ulikuwa na anhidridi ya kufunga 64. Vingine vimetoka wapi?

Vimetoka kwenye nusu ya pili ya anhidridi. Kila molekuli yake hutoa kikundi kimoja kwa amini, na kilichobaki kinakuwa asidi ya heptaflorobutiriki. Asidi hiyo haiondoki hivihivi. Inakwenda kuzikumbatia amini zilizobaki kama chumvi, na inashika kwelikweli. Watu wa kromatografia huitumia makusudi kwa kazi hiyohiyo ya kujibandika kwenye amini. Ukiweka mfuko wa dayalisisi (utando unaopitisha molekuli ndogo tu) kwenye maji matupu siku tatu, itabaki nayo siku tatu. Anza na maji ya chumvi au bafa ya fosfeti, badilisha mara kadhaa ili ioni nyingine ziichukue nafasi yake, kisha malizia na maji safi.

Ndugu yake ni asidi ya trifloroasetiki. Kama uliondoa kinga ya Boc (kifuniko cha muda cha amini) kwa asidi hiyo, utaiona kama mlingoti mwembamba karibu na −76 ppm kwenye mchoro wa NMR. Wembamba wake ndio unaoisaliti: florini iliyofungwa kwenye dendrima hutoa vilima vipana, kwa kuwa molekuli ni kubwa na hugeuka polepole, ilhali asidi ndogo hutoa mstari mkali. Kwa heptaflorobutiriki tofauti hiyo huonekana kwa shida, kwani mistari yake inakaribiana na ile unayoitafuta. Mwombe fundi wa NMR akupimie kasi ya kutangatanga kwa molekuli, kipimo kinachoitwa DOSY. Kidogo kitakimbia, kikubwa kitajikokota.

Kuna pia kilima kipana sana, kama mgongo wa nyangumi, chini ya mistari yote. Hicho mara nyingi si chako. Ni plastiki yenye florini iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Pima mrija wenye kiyeyushi kitupu, halafu toa.

## NMR inasema florini ni kidogo, au haipo

Huyu ni mgonjwa mwingine, usimpe dawa ya yule. Swali la kwanza: umepima kwenye nini? Kama ni maji mazito (maji yenye deuteri, haidrojeni nzito), huenda dendrima zako zimeshajikusanya, florini zimebanana ndani ya kiini, na mistari imepanuka mpaka ikazama kwenye kelele. Hamishia sampuli kwenye methanoli yenye deuteri, pima tena. Florini ikirudi, hukupoteza kitu. Umeshuhudia mjikusanyiko kwa macho yako, na hilo ni tokeo la kuandika.

Swali la pili ni muda wa kusubiri kati ya mapigo ya redio ya NMR. Kama marejeo yako ya ndani (unachoongeza ili kulinganishia) ni molekuli ndogo inayopumzika taratibu, na wewe unaiharakisha, itaonekana pungufu na kila kitu kingine kitahesabiwa vibaya. Pima T1, yaani muda wa kupumzika, ya pande zote mbili, kisha subiri mara tano ya iliyo ndefu.

Ikiwa hata kwenye methanoli florini ni chache kweli, chunguza mmenyuko. PAMAM huuzwa ikiwa ndani ya methanoli, na wengi humwaga anhidridi humohumo. Methanoli nayo hula anhidridi na kutoa esta. Amini hushinda mbio hizo kwa sehemu kubwa, lakini si yote, kwa hiyo watu huongeza anhidridi kupita hesabu na kuweka triethilamini ya kuimeza asidi. Hakikisha kwa ninhidrini, dawa inayogeuka rangi ikikutana na amini, ni amini ngapi zimebaki. Kipimo cha senti chache kinachoweza kukuokoa wiki nzima. Na usije ukashawishika kuikwepa methanoli kwa kukimbilia kiyeyushi cha DMSO: anhidridi za jamii hii zinaweza kumenyuka nayo kwa ukali wa kurusha kifuniko.

## Myeyusho umegeuka maziwa

Hapa sababu ya kawaida ni uroho. Mtu anaona vikundi 30 vya florini vimefanya kazi, anafunga 120. Dendrima iliyofungwa karibu ncha zote haina tena amini za kuishikilia majini, na itaganda. Hakuna kukoroga kutakakoiokoa. Rudi nyuma.

Ila kama kiwango ni cha kawaida na jana ilikuwa angavu, fikiria ulivyoikausha. Unga uliokaushwa kwa kugandisha mara nyingi umeshajishona florini kwa florini, na maji hayaingii katikati. Usimwage maji juu ya unga huo. Yeyusha kwanza kwenye methanoli kidogo au trifloroethanoli, dondoshea kwenye maji huku ukikoroga, ndipo uondoe kiyeyushi kwa dayalisisi. Kushusha pH hadi 5 au 6 husaidia pia, kwa kuwa amini za ndani nazo hupata chaji na dendrima hufunguka.

Jambo moja ambalo maandiko ya maabara za nchi za baridi hayalitaji: joto la chumba. Heksani na pafloroheksani hujitenga kwenye chumba cha nyuzi 18, lakini zikifika nyuzi 23 hivi zinachanganyika kuwa kimiminika kimoja. Maelekezo yanayosema ukoroge "kwenye joto la chumba" mpaka tabaka zitengane yaliandikwa na mtu aliyevaa sweta. Dar es Salaam mwezi Februari, kiyoyozi kikiwa kimezimika, tabaka hizo hutaziona. Andika nyuzi kwenye daftari, si neno "chumba".

## DLS inaonyesha familia mbili, au haionyeshi kitu

DLS, mashine ya mtawanyiko wa mwanga inayopima ukubwa wa chembe, huona chembe kwa sababu chembe inapinda mwanga tofauti na maji. Maji yana kipeo cha kupinda mwanga cha 1.33. Teflon iko karibu na 1.35. Pafloroheksani imeshuka hadi 1.25. Yaani jinsi florini inavyozidi, kuna mahali ambapo chembe na maji vinafanana machoni pa leza, na chembe zako zinatoweka zikiwa zimejaa tele humo ndani. Dendrima ya kizazi cha tano ina kipenyo cha nanomita 5 tu hivi kabla ya kujikusanya, kwa hiyo hata pasipo florini ni hafifu.

Ongeza kwamba nguvu ya mtawanyiko hukua kwa kipenyo kilichopandishwa daraja la sita. Chembe moja ya nanomita 100 hung'aa sawa na chembe milioni moja za nanomita 10. Basi ile familia ya pili ya nanomita 200 inayokunyima usingizi inaweza kuwa vumbi, au mabonge machache yasiyofika hata asilimia moja ya uzito. Chuja kwa mikroni 0.2 na upime tena, lakini pima pia florini kabla na baada ya kuchuja. Nimewahi kujipongeza kwa mchoro msafi wenye kilele kimoja, kumbe kichujio kilikuwa kimebakiza zaidi ya nusu ya polima na mimi nilikuwa napima makombo.

Pia usiiache sampuli isimame. Florini ni nzito. Pafloroheksani hufika gramu 1.68 kwa mililita. Mabonge makubwa hushuka chini wakati unakunywa chai, na vipimo vitatu mfululizo vitaonyesha ukubwa unaopungua kana kwamba chembe zinanyauka. Hazinyauki, zimelala chini.

Ukiweza kupata picha ya sampuli iliyogandishwa kwenye darubini ya elektroni, ndiyo itakayokata shauri. Usipoweza, DOSY ya florini ni shahidi mwema.

## Pireni haioni miseli

Hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu imewadanganya watu wenye akili nyingi. Pireni ni rangi inayong'aa, na uwiano wa vilele vyake viwili hubadilika inapohama kutoka majini kuingia kwenye mafuta. Kila mwanafunzi hufundishwa: ongeza polima kidogo kidogo, tazama uwiano unapopinda, hapo ndipo miseli (vifurushi vya molekuli zilizojikusanya) zinapoanza.

Lakini pireni ni mtoto wa mafuta. Kiini cha florini hakimkaribishi. Utaongeza polima mpaka myeyusho unene, na uwiano utabaki palepale, au utapinda mahali pasipo pake pireni ikipata pa kujibanza kwenye mikono ya kawaida ya polima. Ukisema "haijikusanyi" kwa ushahidi huo, ni sawa na kusema nyumba haina watu kwa kuwa hodi yako haikuitikiwa.

Tumia florini yenyewe iwe shahidi. Pima NMR yake kwenye mikolezo kumi tofauti, chora nafasi ya mstari wa CF3 (kaboni yenye florini tatu) dhidi ya mkolezo, utafute kona. Au pima mvuto wa uso wa maji, ambao florini huushusha kwa nguvu. Na uwe tayari kukuta hakuna kona kabisa: dendrima moja yenye kiini cha kutosha inaweza kuwa miseli peke yake, tangu tone la kwanza.

## Picha ya MRI ni giza

Mwili wa binadamu hauna florini inayoonekana kwenye MRI (picha za ndani ya mwili kwa sumaku), na hiyo ndiyo sababu ya watu kuitaka: kila kitakachong'aa ni chako. Florini inakaribia sana haidrojeni kwa nguvu ya mwitikio. Kwenye sumaku ya tesla 9.4, haidrojeni hulia kwenye megahezi 400, florini kwenye 376. Atomu zote za asili ni florini-19, hakuna ya kupotea. Kwa nini basi giza?

Rudi kwenye yale meno ya kahawia. Yana floridi, mifupa nayo inayo, lakini MRI haiioni, kwa kuwa imefungwa kwenye kitu kigumu na haitikisiki. Mwitikio wake hufa kabla mashine haijafungua sikio. Umeifanyia dendrima yako hivyohivyo: umeifunga florini nyingi, zikajikusanya vizuri ajabu, zikawa ngumu kama jino. T2, yaani muda wa mwitikio kabla haujafifia, imekuwa fupi. Mjikusanyiko mzuri na picha nzuri huvutana, na wanaoongeza florini ili picha ing'ae mara nyingi wanaongeza giza.

Kundi la Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, lililichukua hili kwa upande mwingine. Kwenye polima zao za matawi holela za mwaka 2010, vikundi vya trifloroethili vilitawanywa katikati ya minyororo inayopenda maji, ili kila CF3 ipate nafasi ya kucheza. Pima T2 kwanza, kwenye mrija, kabla hujasumbua panya yeyote. Angalia pia usawa wa florini zako: heptaflorobutirili ina aina tatu za florini, na mwitikio wake unagawanyika mara tatu, wakati kikundi chenye CF3 tatu kwenye kaboni moja kina florini tisa zinazoimba sauti moja.

Kisha kumbuka ukubwa wa kelele unayoshindana nayo. Maji yana moli 111 za haidrojeni kwa lita. Wewe unategemea milimoli za florini. Dakika mbili za kuchukua picha hazitatosha.

Na picha iking'aa mahali pasipotarajiwa, hasa kwenye mafuta ya mnyama, uliza amelazwa kwa dawa gani. Isoflurani, nusukaputi ya kawaida ya panya, ina florini tano kwa kila molekuli na hupenda mafuta. Chukua picha ya mnyama aliyevutishwa isoflurani bila polima yako, uone kama "uvimbe" bado upo.

## Jeni haziingii kwenye seli

Mwaka 2014 kundi la Yiyun Cheng wa East China Normal University, Shanghai, lilionyesha kwamba PAMAM ya kizazi cha tano iliyofungwa florini inaingiza jeni kwenye zaidi ya asilimia 90 ya seli za HEK293 na HeLa (aina mbili za seli za binadamu zinazokuzwa maabara), tena kwa dozi ndogo sana ya polima. Tangu hapo kila mtu anataka kurudia, na wengi wanakwama kwenye uwiano wa naitrojeni kwa fosfeti, yaani amini za polima dhidi ya fosfeti za DNA.

Wanahesabu amini 128. Lakini 64 umeshazifunga, hazina tena chaji, hazishiki DNA. Uwiano wako wa 2 ni 1 kwa kweli, na DNA imebaki uchi. Hesabu upya kwa amini zilizobaki kwa mujibu wa ninhidrini. Kama bado ile asidi ya heptaflorobutiriki imezikumbatia hizo zilizobaki, tatizo la sehemu ya pili limekufuata mpaka huku. Pitisha mchanganyiko kwenye jeli ya agarosi: DNA ikitembea, haijafungwa, na seli hazina kosa.

Seli zikifa badala ya kupokea jeni, punguza polima kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Faida yote ya florini ni kwamba inafanya kazi kwa kidogo. Ukiitumia kwa dozi ya PAMAM ya kawaida umeitupa.

## Kipako kilikuwa kinafukuza maji, sasa hakifukuzi

Tone lilisimama kama lulu siku ya kwanza. Baada ya wiki ndani ya maji limetandazika. Kipako hakijachubuka. Kwenye hewa kavu florini hupanda juu ya uso. Ndani ya maji hugeuka na kujificha, na vipande vinavyopenda maji huchukua nafasi yake. Kikaushe kwenye tanuri, pima tena pembe ya tone. Ikirudi, polima yako ni nzima, ilikuwa inageuka ubavu tu. Vipako vya Karen Wooley na wenzake vya polima ya matawi yenye florini pamoja na PEG (polima inayopenda maji), vilivyojaribiwa mwaka 2005 dhidi ya mwani unaoshika meli, vilichanganya pande hizo mbili kwa makusudi, ili kiumbe kinachotaka kujishikiza kisipate sakafu ya aina moja.

## Jaribio jipya linatoa matokeo ya lile la zamani

Asetoni haioshi florini vizuri. Chupa inang'aa, kumbe ina utando, na mvuto wa uso wa maji safi unasoma pungufu hata kabla hujaweka kitu. Suuza kwa trifloroethanoli kidogo, au trifluorotoluini kama unayo, halafu ndipo sabuni na maji. Pima maji matupu ndani ya chombo hicho, na kama hayasomi karibu milinewton 72 kwa mita, suuza tena. Tenga kabisa vyombo vya florini, vitie alama kwa rangi ya kucha, maana wino wa kalamu hutoka.

Suuzo lenyewe lisiende kwenye sinki. PFOS, kemikali ya mnyororo mrefu wa florini, imo kwenye Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti kemikali sugu tangu 2009, na ndugu yake PFOA tangu 2019, kwa kuwa minyororo hiyo haiozi. Minyororo mifupi ya kaboni tatu au nne si ile iliyotajwa kwenye orodha, ila bondi zake ni zilezile. Weka dumu lake peke yake, liandikwe florini, lisichanganywe na taka za kloroformu hata kama nafasi ni ndogo.